Tuzo ya haki kwenye kazi ya siri

Kila Agosti wanasaikolojia wa Marekani hukusanyika kwenye mkutano mkuu wa chama chao, APA. Hapo ndipo tawi lao la ushauri nasaha, linaloitwa Divisheni ya 17, huwatuza watu wake. Tuzo yake ya heshima kuliko zote ni ya mafanikio ya maisha yote ya kazi, nayo imepewa jina la Leona Tyler. Kando yake ipo nyingine, ya haki ya kijamii. Ukipita haraka utaona mambo mawili mazuri yamekaa pamoja. Ukisimama kidogo utauliza: kama haki ni sehemu ya kazi ya mnasihi, kwa nini itengewe kiti chake pembeni?

Swali hilo linazidi uzito ukimjua mwenye jina. Tyler, aliyezaliwa mwaka 1906, alifundisha Chuo Kikuu cha Oregon, na baada ya Vita Kuu ya Pili aliwashauri askari waliorudi nyumbani wakitafuta masomo na kazi. Hakuwa mtu wa kumvunja mteja na kumjenga upya. Mwaka 1960 aliandika kuhusu tiba ya badiliko dogo kabisa, yaani kumsaidia mtu ageuze usukani nyuzi chache tu, halafu safari ndefu ifanye yaliyobaki. Alipokuwa rais wa APA, mwaka 1973, alihusishwa na kanuni ambayo hadi leo wenzake huiita kwa jina lake: chama kikisema kwa niaba ya taaluma, kiseme yale tu yenye ushahidi wa kisayansi au uzoefu wa kazi unaoweza kuonyeshwa. Ukiwa raia, sema unalotaka na andamana utakako, lakini usilivike koti la taaluma. Kwa hiyo tuzo kubwa ya fani hii ina jina la mtu aliyeweka breki, na jirani yake inawatukuza waliokanyaga mafuta.

Wanaoitetea tuzo ya haki wana hoja ya kihistoria ambayo ni vigumu kuipangua. Fani yenyewe ilizaliwa mtaani. Mwaka 1908, mjini Boston, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, katika mji uliojaa wahamiaji na watoto wa maskini ambao bila msaada huo wangeokota kibarua chochote kilichotangulia mbele yao. Hakuingiza siasa kwenye ushauri. Ushauri wenyewe ulitokana na mashaka ya watu hao. Wanaongeza hoja ya tumbo: vyuo hupandisha vyeo kwa kuhesabu makala. Mhadhiri anayeshinda na wakimbizi au na wafungwa hana cha kuweka kwenye mizani hiyo, na tuzo humpa angalau mstari mmoja kwenye wasifu wake ambao wakuu wake hawawezi kuuruka.

Wanaoipinga wanaanzia chumbani, na hapo ndipo wana nguvu. Aliyefiwa na mwanawe haendi kwa mnasihi ili aulizwe anampigia nani kura. Anahitaji kuamini kwamba aliyeketi mbele yake hajamhukumu kabla hajafungua kinywa. Taaluma ikianza kuwatuza watu wake kwa misimamo, mteja mwenye imani tofauti atakaa na maumivu yake nyumbani. Tena haki ni neno ambalo kila upande hudai ni lake. Kamati ya wanachama, waliosoma vyuo vinavyofanana na wanaokubaliana katika mengi, itaiona kwa urahisi ile inayozungumza lugha yao.

Kamati inayohukumu namna hiyo ina hatari kwa pande zote mbili, na mfano wake ni kisa cha mwanasaikolojia Raymond Cattell. Mwaka 1997 Wakfu wa Saikolojia wa Marekani ulitangaza kumpa medali ya dhahabu kwa mchango wake wa maisha katika sayansi. Vipimo vyake vya haiba vilikuwa vimetumika kwa miongo. Siku mbili kabla ya sherehe mjini Chicago, wakfu ukaahirisha, kwa sababu wakosoaji walileta maandishi yake kuhusu kuboresha vizazi vya binadamu wakisema yananuka ubaguzi wa rangi. Cattell alikanusha kwa barua ya wazi, akaomba jina lake liondolewe, na Februari 1998 akafariki akiwa na miaka 92. Wako wanaosema alidhulumiwa, kwani medali ilikuwa ya sayansi na si ya utakatifu. Mimi nadhani kosa kubwa zaidi lilikuwa la ratiba. Maandishi yale hayakuwa ya siri, yalikuwa yamechapishwa kwa miaka mingi. Waliomteua ama hawakuyasoma au waliyasoma wasione shida, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. APA wenyewe walikuja kuomba radhi rasmi mwaka 2021 kwa jinsi saikolojia ilivyochochea ubaguzi na kushindwa kuupinga.

Lakini kisa kinachonikaa moyoni ni cha Mamie na Kenneth Clark, mke na mume, wanasaikolojia weusi wa Marekani. Mwaka 1978 APA ilianza kutoa tuzo ya mchango wa saikolojia kwa manufaa ya umma, na wa kwanza kuipokea alikuwa Kenneth. Alistahili. Yeye na mkewe waliwapa watoto weusi 253 wanasesere wa rangi mbili na kuwauliza yupi mzuri, yupi mbaya. Wengi walimsifu mweupe. Kazi za Kenneth kuhusu madhara ya ubaguzi zikaingia kwenye tanbihi ya 11 ya hukumu ya mwaka 1954, ambayo kwayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliharamisha kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi.

Kanuni ya Tyler ingekuwa na la kusema hapo. Watoto wa Massachusetts, kwenye shule za mchanganyiko, walimpendelea mwanasesere mweupe hata kuliko wale wa Arkansas waliotengwa. Wakosoaji waliliona hilo mapema, wakauliza utafiti ule unathibitisha nini hasa kuhusu shule. Hukumu ilikuwa ya haki, ila ushahidi huu ulikuwa na tundu. Anayependa haki hapaswi kulificha, maana mpinzani atalikuta.

Kuna tundu la pili, nalo halimo kwenye takwimu. Utafiti wa wanasesere ulichipuka kwenye tasnifu ya Mamie ya shahada ya uzamili, na Kenneth mwenyewe alikiri kwamba ulikuwa mradi wa mkewe kwanza. Tanbihi haina jina la Mamie. Mwaka 1946, kwa mkopo wa dola 946 kutoka kwa baba yake, Mamie alifungua kituo cha watoto kwenye chumba cha chini ya jengo huko Harlem, New York, kikaja kuitwa Northside. Shule zilikuwa zikiwasukuma watoto weusi kwenye madarasa ya wenye upungufu wa akili. Mamie akawapima upya, na wengi wakaonekana hawakustahili kuwekwa huko kabisa.

Hili ndilo gumu la tuzo hizi, kuliko siasa. Ushauri ni kazi ya siri. Kwetu neno ushauri nasaha lilienea pamoja na vipimo vya Ukimwi, na aliyeingia kituo cha upimaji cha Angaza alichokijua kwanza ni kwamba hakuna atakayeambiwa. Sasa mteuliwa ataweka nini kwenye faili la kamati? Hawezi kumleta mteja. Atapeleka hotuba, makala, picha za maandamano na barua za wenzake. Kinachopimwa basi ni haki inayopigwa picha. (Afadhali huko mteuliwa anaombwa barua. Kwetu zipo tuzo ambazo mshindi huombwa kwanza anunue meza ya watu kumi.)

Ningekuwa kwenye kamati ile nisingeifuta tuzo ya haki. Bila hiyo, mizani ingerudi kuhesabu makala tu. Ningeomba mambo mawili: ipewe kituo badala ya mtu mmoja, na faili lionyeshe, kwa hesabu zisizomtaja yeyote, nini kilibadilika kwa wale waliohudumiwa: wangapi walirudishwa madarasa yao, wangapi walipata kazi, wangapi walirudi mara ya pili. Tyler asingepinga ushahidi wa aina hiyo, na Mamie alikuwa nao kabatini.

Kenneth alipopokea tuzo yake mwaka 1978, mkewe alikuwa bado anaongoza Northside. Alistaafu mwaka uliofuata.