Dawa ya Mgongo na Figo za Mchonga Mawe

Mtu wa Maweni, kule Manda, huvuka kuja mjini Lamu vumbi la mawe bado limemganda nyusini. Anafika duka la dawa: "Kaka, nipe zile za mgongo." Muuzaji anahesabu vidonge kumi vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, anavitia kwenye kibahasha, anaandika 1x3. Nimesimama nyuma ya foleni hiyo mara nyingi, na sikumbuki kumsikia muuzaji akiuliza: una presha? Leo umekunywa maji?

Wapo wanaotaka dawa hizi zisiuzwe kabisa bila cheti cha daktari, na hoja yao ni nzito. Figo ikipungukiwa na maji hujitetea kwa prostaglandini, kemikali inayoupanua mshipa unaoiletea damu. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuizuia kemikali hiyohiyo. Sasa mweke mtu juani kutwa akigonga matumbawe, kwenye kisiwa chenye shida ya maji matamu, kisha ameze kidonge asubuhi, mchana na jioni. Kama anatumia pia enalaprili na dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha, figo imebanwa pande tatu. Wala haimuumi. Kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, yaweza kuonekana sawa mpaka karibu nusu ya kazi ya figo iwe imepotea.

Huko India, tumbusi walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, figo zao zikafa, wakakaribia kutoweka. Mwaka 2006 serikali ikaipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Binadamu anaistahimili zaidi ya tumbusi, tena figo iliyodhurika hivi punde mara nyingi hurudi ikiwa dawa itaachwa mapema. Lakini nani atamwambia aache?

Hata hivyo marufuku siiungi mkono. Cheti hicho mvuvi wa Kizingitini atakipata wapi? Ni boti, nauli, na siku nzima bila riziki. Paracetamol ni nafuu kwa figo ikimezwa kwa kipimo, ila kuna mgongo usioisikia. Ukimfungia mlango wa diklofenaki, atatafuta tramadoli ya magendo, dawa kali ya maumivu inayolevya, na uraibu tunaujua sisi watu wa pwani, tumeuzikia vijana.

Kuna jambo linaloniogopesha zaidi. Habari ikienea kwamba "dawa zinaua figo", watu hutupa zisizo na hatia. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, Langoni, aliacha dawa za presha kwa hofu hiyo, akabaki na za mgongo. Kinyume kabisa! Presha isiyodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kufa, na enalaprili mara nyingi huilinda figo, mradi mgonjwa apimwe damu na asiichanganye ovyo.

Kwa hiyo mzigo nauweka pale kaunta. Muuzaji aulize presha, sukari, figo, ujauzito, kuhara na kutapika. Akisikia moja kati ya hayo, diklofenaki asiitoe. Amwelekeze mtu hospitali. Aliye mzima apewe ya siku chache tu. Nyuma ya kile kibahasha hakujaandikwa kitu. Pana nafasi ya kutosha kuandika: siku tatu, kunywa maji, usichanganye na dawa za presha.