Zege halilali, lakini shingo ni ya nani?

Jumanne nimeshushwa kwenye dampa, mtambo wa kubebea udongo ninaouendesha saiti huku Uingereza, mara kumi na moja. Nilihesabu, maana mvua ilikuwa ile ya huku, rasharasha isiyokwisha, mvua ambayo hata kunyesha inaona uvivu. Kila mtambo wa kijiko unapotaka kunipakia udongo natakiwa nizime injini, nivute hendibreki, nifungue mkanda, nishuke, nikasimame kule kwenye uzio wa plastiki mpaka ndoo ya mwisho imwagwe. Kisha napanda, nafunga mkanda, taa ya kijani inawaka juu kuwatangazia watu wote kwamba kijana wa Manzese amejifunga, naenda mita mia na hamsini, namwaga, narudi. Nashuka tena.

Mara ya kumi na moja uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia msimamizi, kijana ambaye kwetu angeniamkia, kwamba huku ni kupoteza muda na mimi nimeendesha Fuso ya mchanga Dar miaka sita. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: jiwe likidondoka kutoka kwenye ndoo ya kijiko likakupata kichwani, hiyo haraka yako utaipeleka wapi?

Nikanyamaza. Lakini nilikasirika mpaka jioni, na jioni mdogo wangu akanitumia video kutoka Goba, Dar, ninakojenga nyumba.

Wenye viwanja maeneo yale hamhitaji maelezo. Tipa imeleta kifusi, imefika pale njia inapobana kati ya ukuta wa jirani na mwembe, dereva amechungulia, amesonya, amemwaga palepale barabarani na kuondoka zake. Kutoka pale mpaka kwenye msingi wangu ni hatua kama tisini, kwa kuteremka. Kwenye video kuna vijana wanne. Wawili wana makarai kichwani, mmoja anapakia kwa chepe, wa nne anasukuma toroli ambalo tairi lake limejazwa vipande vya mpira kwa sababu halishiki upepo tena. Aliye mbele amevaa kandambili. Nikairudia video mara tatu nikiangalia miguu tu, jinsi vidole vinavyojikunja kushika kandambili kila anapoteremka na mzigo.

Sasa kwa wasiolijua dampa: si dampo. Dampo ni Pugu Kinyamwezi. Dampa ni mtambo wa saiti wenye bakuli la chuma mbele na dereva nyuma, matairi manne makubwa na yote yanavuta, na katikati una kiuno. Ndiyo, kiuno. Usukani wake haugeuzi matairi ya mbele kama wa gari. Mtambo unapinda mwili mzima kama mcheza mdundiko. Ninaloendesha mimi ni la kati, la tani 6. Halina springi za maana, kwa hiyo springi ni mgongo wako. Likijaa, lile lundo la udongo linakuziba macho, huoni kilichopo mbele ya bakuli, ndiyo maana watu wote wa miguu wanatengewa njia yao. Hatari yake kubwa ni kupinduka, hasa ukisogea kwenye ukingo wa mtaro kumwaga, au ukikata kilima ubavu. Kuna fremu ya chuma nyuma ya kiti ili likipinduka lisikulalie, lakini fremu bila mkanda ni kazi bure, maana utarushwa nje na chuma hichohicho kikukute chini.

Nimepiga hesabu, na naomba mnivumilie kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Tani 6 ni kilo 6,000. Karai lililojaa kifusi tuseme ni kilo 25. Hayo ni makarai 240. Mimi nakanyaga mafuta mara moja, dakika tatu nimefika, navuta wenzo, bakuli linainama, basi. Pale Goba ni shingo mia mbili na arobaini. Yaani shingo ni mbili, ila zinakwenda mara mia na ishirini kila moja, na hiyo ni bakuli langu moja tu. Jumanne nilibeba kumi na moja huku nikilalamika kwamba nanyeshewa.

Najua mmeshaanza. "Huyo, Uingereza imemwingia." "Amesahau karai." Ndugu zangu, karai nisilisahau mimi? Mwaka 2011 nilikuwa saidia fundi Kimara, ghorofa mbili, ngazi ya mirunda na misumari ya kuungaunga. Hapa utosini nina alama nywele zilipokataa kurudi vizuri, na kinyozi wangu wa huku aliniuliza kama ni ugonjwa. Nilimwambia ni zege. Alicheka akidhani natania. Kwa hiyo ninapozungumzia shingo sizungumzii shingo ya mtu niliyemwona kwenye runinga.

Na kama ni majivuno, acheni nijivunie kwetu kwanza. Siku ya kumwaga zege la ghorofa Dar hakuna mfano wake huku. Mashine ya zege inanguruma tangu asubuhi, mmoja anahesabu ndoo za kokoto kwa sauti, msururu wa watu unapandisha ndoo mkono kwa mkono, mama ntilie amefika na masufuria yake saa nne, mtu anarusha utani, mwingine anaitikia, na fundi mkuu yuko juu anapiga kelele "zege halilali!" mpaka mnamaliza saa tatu usiku kwa tochi za simu. Mnamaliza. Huku mwezi uliopita tuliahirisha zege mara mbili, mara ya kwanza pampu imechelewa, mara ya pili upepo. Watu tisa tumekaa kwenye kontena tunakunywa chai ya maziwa. Zege la huku linalala, tena linajifunika blanketi. Nilitamani nimlete fundi wangu wa Kimara awafokee wote, kuanzia meneja.

Tena dereva aliyejifunzia Bunju kipindi cha masika hafundishwi tope na mtu. Wiki yangu ya kwanza hapa kuna jamaa alizamisha dampa mpaka kwenye ekseli, eneo ambalo mimi ningelizunguka kwa kuangalia tu rangi ya udongo. Lakini yeye alikuwa na kadi ya kuendesha dampa, mimi sikuwa nayo, hivyo nilisimama na koleo nikamtazama. Kadi hiyo niliipata baada ya mafunzo na mtihani, na katika mtihani nilikaribia kufelishwa kwa kuruka chini badala ya kushuka huku nauangalia mtambo, nikishika kwa mikono miwili na mguu mmoja. Mtu mzima nafundishwa kushuka ngazi! Niliwachukia kweli.

Ila hebu niwaambie kitu kuhusu Kimara ambacho huwa sikisemi. Pale kulikuwa na mwenzetu, kijana wa Tandale, alikuwa anapenda kuimba. Alitereza kwenye ile ngazi na karai limejaa. Hakuanguka mbali, kama mita moja na nusu, lakini karai halikumwacha, lilikuja naye. Shingo ikapinda. Akakalishwa chini ya mti, akapewa maji, mwenye nyumba akatoa nauli ya bajaji na kusema pole, Mungu atamjalia. Kesho yake asubuhi nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine, na ngazi ilikuwa ileile. Na mimi nilipanda ngazi hiyo. Nilipanda kwa sababu posho ya siku ilikuwa inanisubiri juu, na kwa sababu hakuna aliyeuliza swali lolote, mimi nikiwemo.

Hapo ndipo ninapobishana na nyinyi, si kwenye mitambo. Mitambo tunayo. Mtu asiniambie Dar haijui mitambo wakati Daraja la Kijazi pale Ubungo limepandishwa ngazi tatu na kufunguliwa 2021, na mwaka uliofuata magari yakaanza kupita juu ya bahari kwenye Daraja la Tanzanite. Barabara za mwendokasi zimechimbwa na nini, majembe? Tunayo magreda, vijiko, mashindilia. Hata sheria tunayo: wao ya kwao ya usalama kazini ni ya mwaka 1974, sisi ya kwetu ni ya 2003. Tatizo ni zile hatua tisini. Mtambo mkubwa unafika mpaka lami inapoishia, na kuanzia hapo mpaka kwenye msingi wa nyumba ya mtu wa kawaida, mtambo ni kijana. Hakuna anayeuhesabu, kwa sababu ukiharibika haukudai spea.

"Mashine itawanyang'anya vijana riziki." Hili nalo nililijua litakuja. Saiti yetu ina dampa, kijiko na roli ya kushindilia, na bado tuko watu tisa. Mmoja yuko kwenye mabomba, wawili wanafunga nondo, mmoja anapima levo, mwingine kazi yake ni kuhakikisha sigongi mtu. Udongo unapobebwa na mashine watu hawapotei, wanahamia kwenye kazi ambayo ukiifanya miaka mitano unaitwa fundi. Kubeba karai miaka mitano unaitwaje? Tena vijana wa Dar wenyewe ndio waliotoka kwenye mkokoteni wakaenda kwenye guta la kukanyaga, na kutoka hapo wakaenda kwenye la injini, wala hakuna aliyewaambia wanaiga wazungu. Mtu anayesema karai ni utamaduni wetu mwambieni abebe moja tu, kutoka kwa mwembe wangu mpaka kwenye msingi, halafu tuongee utamaduni.

Haya, na mimi nina makosa yangu, nisijifanye mtakatifu. Dampa la tani 6 upana wake unapita mita mbili. Pale kwenye mwembe lingekwama palepale tipa ilipokwama. Yapo madogo ya tani moja yanayopita kwenye geti la kawaida, lakini sijaona mtu wa kunikodishia moja Goba, na likiharibika pampu ya haidroliki utakaa nalo mpaka majani yaote. Isitoshe, nani alinunua kiwanja kile? Mimi. Nilikuja likizo, nikaangalia bei, nikaangalia upepo wa jioni, nikapiga picha, nikalipa. Sikuuliza lori litapita wapi. Niliacha swali hilo kwa shingo za watu wengine, na nikarudi huku kukasirika kwamba nashushwa kwenye dampa.

Basi, baada ya video ile nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia kesho wasibebe kichwani, atafute guta la injini. Akacheka. "Kaka, guta linashuka, kupanda nani atalisukuma?" Nikasema sawa, nunua toroli mbili mpya, zenye matairi ya upepo, na gambuti pea nne. Nikatuma hela usiku uleule. Fundi akanitumia sauti ya kushukuru, "ahsante bosi, Mungu akuzidishie," na sitawaficha, nililala nimejiona mtu mwema.

Jana imekuja video nyingine. Gambuti wamevaa wawili. Wengine wanasema zinachoma miguu juani. Toroli moja imepakiwa ndoo za maji na sufuria la maharage. Ya pili imeegemezwa kwenye mwembe, mpya kabisa, bado ina karatasi. Na vijana wanateremka na makarai kichwani, ngata za vitenge zimelowa jasho.

Nikapiga kwa hasira. Fundi akachukua simu. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni, kwamba njia ile ni kichanga, gurudumu likibeba mzigo linazama, na kwenye mteremko toroli linamburuta mtu. Wamejaribu asubuhi, likamwangusha mmoja. Halafu wanalipwa kwa tripu, siyo kwa siku, na kwa kichwa wanawahi. "Bosi, wewe uko mbali," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Sikuwa na jibu, na mbaya zaidi ni kwamba alikuwa sahihi kuhusu kichanga. Mimi niliyewacheka wenzangu huku kwa kutojua kusoma udongo nilishindwa kuusoma wa kwangu mwenyewe. Huku sehemu laini tunatandika mabamba au mawe ndipo dampa lipite, hata mtoto wa shule anayekuja kujifunza kazi analijua hilo. Nikamuuliza mdogo wangu kwa nini wasitandike mbao kwenye ile njia toroli zipite juu yake. Mbao si zipo? Nilizilipia mwezi wa pili.

Akasema zipo, zimepangwa vizuri kabisa nyuma ya choo, lakini fundi amekataa zisiguswe. Zinasubiri zege la mkanda wa kuzunguka nyumba.