Simba alikaribia kuiva bandani, na banda nililijenga mimi

Februari mwaka juzi nilirudi nyumbani saa tisa alasiri. Umeme ulikuwa umekatika ofisini na hapakuwa na mtu aliyebaki na nguvu ya kujifanya anafanya kazi. Nilipofika getini sikubwekewa. Hilo tu lilinishtua, maana Simba, mbwa wangu, hubwekea hata mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo.

Nilimkuta bandani amelala ubavu, ulimi nje wote, mwekundu wa kukolea, ute mzito kama mlenda unaning'inia mdomoni. Nilipofungua mlango alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkatalia. Jirani aliyekuwa anachungulia juu ya ukuta akapiga ukelele: "Usimguse, ana kichaa huyo!" Kijana wetu wa kazi akaapa kwamba asubuhi mbwa alikuwa mzima, na tangu mchana alimwona amelala tu. Nikaweka kiganja juu ya bati la paa, nikakitoa upesi. Sufuria ya maji ilikuwa na maji nusu, ya moto kama ya kuogea.

Banda lile nililichora mwenyewe kwenye karatasi, fundi akalimaliza kwa siku mbili: tofali pande tatu, nyavu mbele, sakafu ya saruji, bati juu bila dari, mlango unatazama magharibi. Niliugeuzia huko ili kila anayeingia getini amwone mbwa kwanza. Asubuhi huwa na kivuli kizuri. Kuanzia saa nane jua huingia mpaka ukuta wa mwisho, na saruji hubaki na joto hata baada ya magharibi. Mimi huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi usiku. Kwa miaka miwili, basi, banda la mchana sikuwa nalijua kabisa.

Sijajenga vile kwa roho mbaya. Mitaani kwetu Dar ndivyo tunavyofuga mbwa wa ulinzi: mchana anafungiwa, usiku anafunguliwa. Ukimwachia mchana, utaambiwa, atazoea watu na ukali utamwisha. Nimeshaacha kuamini hilo. Mbwa aliyekaa saa kumi na mbili ndani ya kiboksi cha bati akitoka ana hasira, kweli, lakini hasira na ulinzi ni vitu viwili. Usiku wenyewe analala, kachoka.

Daktari wa mifugo niliyempigia simu alinifafanulia baadaye jambo ambalo ningepaswa kulijua. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Vitezi vyake vya jasho vinavyofanya kazi hiyo viko nyayoni, na ni vichache mno. Anajipoza kwa kutweta, hewa ikipita juu ya ulimi na puani na kuondoka na unyevu. Sasa fikiria Dar wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Joto linasoma nyuzi 32 au 33, namba ambayo haimtishi mtu wa Dodoma, ila hewa yetu imeshiba unyevu wa bahari. Nguo za mtu zinachelewa kukauka kwenye kamba, na ulimi wa mbwa hali kadhalika. Anatweta, anatweta, joto haliondoki. Mwili wake kwa kawaida uko kwenye nyuzi 38 hadi 39. Ukipita 41 figo, ini na ubongo viko hatarini. Na upepo wa kaskazi ungesaidia, lakini tumejizungushia kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, haumfikii aliye chini.

Kuna jibu moja nimelisikia mpaka limenichosha: "Mbwa wa Kiafrika wamezoea." Mwangalie basi huyo koko anayesemwa. Ikifika saa tano hutamwona barabarani. Yuko chini ya lori bovu, au kwenye mtaro, au amefukua mchanga chini ya mwembe mpaka akaufikia ule wa baridi na kulaza tumbo humo. Kivuli kikihama, naye anahama. Alichozoea ni kujitafutia, na hicho ndicho tunachomnyang'anya tukimfunga mnyororo. Wangu mimi ni German Shepherd, manyoya tabaka mbili, na siku hizi kuna watu wanafuga hata Husky, mbwa wa nchi za barafu, hapa mjini. Sina la kusema juu ya hilo bila kukosana na marafiki.

Mtaa wa pili kuna bibi mmoja, mswalihina, mbwa hawamgusi wala yeye hawagusi, lakini kila mchana anaweka kopo la maji nje ya ukuta wake. Nilipomuuliza alinisimulia ile hadithi ya Mtume kuhusu msafiri aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha, Mungu akamsamehe dhambi zake. Kisha akaniuliza mimi, mwenye mbwa, huwa namwekea maji mara ngapi. Nilimjibu mara moja, asubuhi. Akanyamaza.

Linaloniudhi zaidi ni siku za chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo yenyewe naiunga mkono, usinielewe vibaya. Ila utaona watoto wamepanga foleni juani na mbwa waliofungwa midomo kwa kamba ya katani, wamebanwa kabisa. Mdomo ukibanwa hawezi kutweta, na kutweta ndiyo feni yake pekee. Akianza kuyumba na kutoa povu, pale pale patapigwa yowe la kichaa, na mawe yataokotwa.

Simba alikuwa amechanjwa, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kumbeba. Nilimlaza chini ya mwembe, nikammwagia maji ya bomba tumboni, mapajani na kwapani, ndoo baada ya ndoo, huku kijana akimpepea kwa kipande cha boksi. Nilitaka kumfunika khanga iliyolowa, daktari akanikataza kwenye simu: ikikaa mwilini inazuia joto kutoka. Maji ya kunywa nisimlazimishe. Alipoinua kichwa tulimpakia garini, vioo wazi, tukampeleka kwa daktari, kwa sababu madhara ya figo huweza kujitokeza siku ya pili hata kama mbwa ameshaanza kutikisa mkia.

Alilazwa siku tatu. Banda sasa linahifadhi mkaa. Mchana ua wote ni wake, na mgeni akija anapiga simu kwanza. Amefukua shimo kubwa chini ya mwembe, amemaliza michaichai yote ya mke wangu. Tumepanda mingine mara mbili.