Video isiyobanwa ibaki studio

Vijana wengi wanaoingia kwenye dokumentari za wanyamapori wameaminishwa kwamba mtaalamu wa kweli hurekodi video ya HD bila kuibana hata kidogo, yaani bila kupunguza ukubwa wa data yake. Mimi sikubali. Studio, sawa. Porini, uamuzi huo hukugharimu picha zenyewe ulizozifuata.

Tupige hesabu. Fremu ya HD ina nukta 1920 kwa 1080. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, rangi ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2 (unaohifadhi mwanga wote lakini nusu tu ya taarifa za rangi), unazalisha takriban megabaiti 130 kila sekunde. Dakika moja inakaribia gigabaiti 8, saa moja inapita 460. Kadi ya SD ya daraja la V90 inahakikisha megabaiti 90 tu kwa sekunde, kwa hiyo haifai. Diski za kuzunguka ndizo hatari zaidi: zikiwa tupu huandika haraka, zikijaa hupunguza mwendo, na gari likitikisika hupunguza tena. Kasi ikishuka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, fremu zimepotea. Inabaki SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, kwenye kinasa cha nje kinachounganishwa na kamera, na kinasa hicho kinataka betri yake, feni yake na kebo yake. Kama kebo ni ya HDMI, haina kifungo cha kuishikilia. Mtu akiigusa kwa kiwiko, picha imekatika.

Sasa nenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara. Kundi linasogea ukingoni, linasita, linarudi nyuma, linasogea tena. Hakuna ajuaye wa kwanza atajitosa saa ngapi, hivyo inabidi uwe unarekodi kabla hajajitosa. Dakika 20 za kusubiri zinakula gigabaiti 155, na bado hakuna aliyelowa. Ndipo mpiga picha anaanza kubania nafasi ya diski: anazima, anawasha, anakadiria. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu nyumbu hawarudii tukio kwa ajili ya kamera. Vumbi la huko nalo linavutwa ndani na ile feni.

Jioni mnarudi kambini. Umeme ni wa sola au jenereta, na jenereta ina saa yake ya kuzimwa. Terabaiti moja, kwa diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, inachukua karibu saa tatu kunakiliwa. Nakala ya pili ni saa tatu nyingine, kama huna diski ya kuandika sambamba. Wengi huishia na nakala moja, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko ubanaji wowote.

Ubanaji mbaya upo, sikatai. Maji yakirushwa na maelfu ya kwato, video ya biti 8 iliyobanwa sana huvunjika vipande vya mraba, na mhariri wa rangi hana la kufanya. Lakini kati ya hapo na kutobana kabisa kuna nafasi pana. ProRes 422 HQ, mfumo wa ubanaji wa kitaalamu, hubana kila fremu peke yake, inatunza biti 10, na kwa fremu 25 inatumia takriban megabaiti 23 kwa sekunde: gigabaiti 83 hivi kwa saa, chini ya moja ya tano ya ile mizigo. Hata hiyo video ya 4:2:2 isiyobanwa, inayoitwa kamili, imeshapunguza nusu ya taarifa za rangi kabla ya kurekodiwa, na hakuna anayeilalamikia.

Kwenye pazia la kijani la studio, ambako kompyuta inatafuta ukingo wa kila unywele ili kubadilisha mandhari ya nyuma, nitakuwa wa kwanza kutaka kila biti. Na mteja akiidai huko mtoni, aweke kwenye bajeti SSD za kutosha, betri za ziada, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kunakili na kukagua mafaili tu, asiyeshika kamera kabisa.