Sikulia, na Kaa Hakuning'ata

Jamani, naona video ya mimi kunasa topeni imeshafika mpaka ukweni, kwa hiyo acheni nisimulie mwenyewe kabla mwenzangu aliyeirekodi hajaongeza chumvi nyingine. Anasema nililia. Sikulia. Anasema nilimwita mama. Hilo tuliache.

Mnaokijua kikundi chetu mnajua kwamba bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ndiyo siku yetu ya kupanda mikoko. Maji hupwa mbali, tope lote linabaki wazi, lakini yakigeuka yanarudi kwa kasi na hayaulizi kama umemaliza. Safari hii tulikuwa na wageni, wanafunzi na walimu wao, na wa kuwaelekeza nikawa mimi. Buti za mpira nilizovaa zilinizidi saizi mbili, maana za saizi yangu mwenzangu alikuwa ameshazivaa. (Shikeni hapo, tutaparudia.)

Somo nililitoa vizuri, msinidhulumu. Niliwaonyesha mbegu ya mkoko iliyokomaa: shingo yake imegeuka njano, ukiizungusha kidogo inachomoka yenyewe. Ikigoma, iache mtini. Niliwaeleza kwa nini tulikuwa tumeziweka kivulini siku kadhaa: kaa wanazipenda zikiwa mbichi, zikisinyaa kidogo hawana hamu nazo sana. Ncha iliyochongoka inakwenda chini, chipukizi linabaki juu. (Wapo wanaozipanda miguu juu. Hawakosekani.) Mita moja toka mche hadi mche. Halafu nikanyanyua kidole, nikasema kwa sauti ya mkuu wa wilaya: "Theluthi moja ndani ya tope. Theluthi moja! Pungufu ya hapo, wimbi linaondoka nayo."

Nikamalizia na usalama. Mkanyage penye mizizi ya mchu (aina ya mkoko), ile inayochomoza juu kutafuta hewa, ila msiivunje. Chini yake ardhi imeshikana. Pale kando ya mkondo, penye tope laini linalong'aa na halina hata jani, msiende.

Sasa kijana mmoja akauliza: mbona pale peupe pote hatupandi? Swali zuri kabisa. Pale ndipo sululu na ndege wengine wahamiaji wanapochokoa minyoo na kaa wadogo, wengine wametoka mbali huko kaskazini. Ukipajaza miche umewafungia jiko. Na miche yenyewe haitadumu, kwa sababu pako chini mno, maji yanaifunika muda mrefu kila siku.

Jibu lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba nililitoa huku ninatembea, nikawaonyeshe vizuri.

Mguu wa kushoto ukazama hadi kifundoni. Nikatabasamu. Nikaegemea wa kulia ili niuchomoe wa kushoto, wa kulia nao ukashuka hadi nusu ya muundi. Nikaendelea kueleza habari za minyoo. Nikavuta tena. Wenye uzoefu mnalijua lile tope: ukivuta mguu moja kwa moja kwenda juu, chini yake hapaingii hewa wala maji, kwa hiyo linakufyonza, na uzito wote unahamia mguu wa pili, nao unadidimia. Kila nilipojiokoa upande mmoja nilijizika upande mwingine. Magoti yakapotea. Harufu ya yai viza ikapanda, ile inayotoka tope lisilo na hewa likichokonolewa, na watoto wote wakaziba pua kwa pamoja, wakinitazama mimi.

Hapo akatoka kaa. Ni wale ambao dume ana gando moja kubwa. Akasimama mbele yangu, akalipunga. Kwa kawaida hulipunga kumwita jike au kumtishia dume mwenzake. Sikupata kujua mimi alinihesabu upande gani.

Ndipo msichana mmoja, kwa adabu zote, akauliza: "Mwalimu, hiyo ni theluthi moja au imeshafika nusu?"

Walimu ndio walioanza kucheka.

Dawa yake naijua, huwa naifundisha: usivute. Kaa kitako au lala chali ili uzito utawanyike, tikisa mguu polepole mpaka maji yapenye pembeni yake, kisha uutoe kwa kuulaza, si kwa kuusimamisha. Buti likikataa, liachie. Mimi, kwa heshima ya cheo changu, nikavuta kwa nguvu zote. Mguu ukatoka. Buti halikutoka. Nikaenda na uso, mikono mbele, na mdomo, naomba mzingatie, ulikuwa bado wazi kwenye neno "minyoo".

Kaa aliingia tundu lake kwa heshima. Hakuning'ata.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwenzangu alipomaliza kurekodi (alipomaliza, sikusema alipoanza!) akaleta ubao wetu mrefu, wakaulaza juu ya tope, nikatambaa juu yake kwa tumbo. Maji yalikuwa yameshageuka. Miche iliyobaki wakaipanda watoto, theluthi moja, imesimama wima, sijaona iliyopinda.

Buti zile ni za kikundi, na mweka hazina ameshaniandikia deni. Mwenyekiti naye amepanga upya kazi za bamvua ijayo: mwenzangu ndiye atakayeelekeza wageni, mimi nitakaa kivulini kulinda mbegu.