Muuaji asipewe unyota

Tamthilia nyingi za wauaji wa kweli zina ugonjwa mmoja: zinampenda muuaji. Anatafutiwa mwigizaji mwenye mvuto, kisha vipindi vizima tunakaa kumsoma macho. Ile ya Netflix ya mwaka 2022 kuhusu Jeffrey Dahmer, muuaji wa Marekani, iliangaliwa dunia nzima, huku baadhi ya ndugu wa waliouawa wakilalamika kwamba msiba wao umefukuliwa upya na hakuna aliyewapigia hata simu.

Ndiyo maana mimi naitetea The Long Shadow ya kituo cha televisheni cha ITV, iliyotoka Uingereza mwaka 2023. Inahusu mauaji ya Peter Sutcliffe, dereva wa lori kutoka Bradford, aliyeua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980. Sutcliffe mwenyewe humwoni sana. Unachokiona ni nyumba ya Emily Jackson, madeni yamewabana yeye na mumewe, na gari lao la kazi ya kuezeka mapaa ndilo analotoka nalo usiku kwenda kujiuza. Anapouawa, Januari 1976, umeshamjua kama mke na mama. Polisi na magazeti ya wakati ule walimwona kahaba tu, basi.

Halafu kuna Marcella Claxton, binti mweusi wa Leeds aliyepigwa nyundo kichwani mwaka huohuo, akiwa mjamzito. Alipona, mimba ikatoka. Akawaeleza polisi alivyo yule mtu: mzungu, mwenye ndevu. Hawakumwamini. Hapo nilisimamisha televisheni, nikasonya.

Waliyemwamini ni nani? Mwanamume asiyejulikana aliyetuma kanda ya sauti mwaka 1979 akijidai ndiye muuaji. Lafudhi yake ilikuwa ya Sunderland, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza, si ya Bradford, kwa hiyo asiyeongea hivyo akawa kama amesafishwa. Wanawake watatu waliuawa baada ya kanda ile. Sutcliffe alihojiwa mara tisa, taarifa zake zikiwa kwenye makaratasi mengi kiasi kwamba sakafu ya chumba cha upelelezi ililazimika kuimarishwa. Kadi za taarifa zipo, wa kuziunganisha hakuna.

Kasoro ipo. Vipindi saba ni vingi, na wakubwa wa polisi wanapishana ofisini hadi unasahau nani kamrithi nani. Ningepunguza suti na sigara, niwaongezee muda watoto walioachwa na waliouawa.

Lakini nawapa heshima watengenezaji kwa jambo moja: jina la awali lilibeba lakabu ambayo magazeti yalimpa muuaji, familia zikapinga, likabadilishwa.

Kuna wanaosema mwisho umepoa. Walitaka risasi? Januari 1981, askari wawili wa doria mjini Sheffield walikuta gari lenye namba za bandia, wakamkamata dereva, Sutcliffe. Ndivyo ilivyokuwa.