Oili ilipanda juu, tena ikapitiliza

Haya jamani, kwa kuwa utingo wangu kashaitupa ile picha yangu ya gereji kwenye magrupu yote ya madereva kuanzia Kibaha mpaka Tunduma, na kuna mtu kashaitengenezea stika, ngoja niseme mwenyewe. Kwanza sikulia. Kile kilichokuwa kinatiririka machoni ni oili. Pili sikuwa nakimbia, nilikuwa natafuta maji.

Iko hivi. Wiki iliyopita nilikuwa napandisha mlima wa Kitonga na Fuso langu (la bosi, ila mnanielewa), mzigo saruji, nikaanza kusikia huko juu ya injini ta-ta-ta-ta kama mtoto kapewa kijiko na sufuria. Hiti haijapanda, geji ya oili iko pazuri, nguvu ipo, ila ta-ta-ta mpaka Iringa na ta-ta-ta mpaka narudi. Mimi nikajua tayari, maana mwezi uliopita mzee mmoja fundi hapa Morogoro alifungua hedi, kile kichwa cha injini, akabadilisha gasketi. Nikasema huyu mzee kaziba tundu, oili haipandi juu.

Na msinicheke bado, pointi nilikuwa nayo. Oili inalala chini kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, pampu inaivuta inaisukuma kwenye filta, inaingia njia kuu ndani ya bloku, pale inagawana, nyingine inaenda beringi za krenki, nyingine inapanda kwa kitundu chembamba, inavuka gasketi, inaingia hedi, inatokea kwenye shafti ya roka (roka ni vile vyuma vinavyobonyeza valvu), na ile shafti ndani iko wazi kama bomba, ndiyo kila roka inapata mgao wake hapo. Ikishalainisha inashuka yenyewe kwenye matundu ya pushirodi, zile fito zinazosukuma roka, inarudi sampo. Sasa fundi akipaka silikoni kama anapaka siagi kwenye mkate, kile kitundu kinaziba, juu kunakauka, na geji ya dashibodi haikwambii kitu maana yenyewe inapima presha ya huko chini. Muulize fundi yeyote. Kosa langu ni kwamba haya yote niliyasema kwa sauti, gereji imejaa watu, nikiwa nimevaa kanzu nyeupe.

Ndiyo, kanzu. Nilikuwa mshenga siku hiyo. Jamaa yangu anaposa, barua iko mfukoni mwangu, imekunjwa kwenye leso nzuri yenye maua, ukweni tunatakiwa saa 4 asubuhi, nikasema nipitie gereji dakika tano tu nimuumbue mzee halafu niende. Dakika tano!

Mzee wala hakubishana. Akanifuta kwa macho toka kofia mpaka viatu, akasema, "Sawa mwanangu, si uko hapa? Tufungue tuone." Wakabinua kabini, wakatoa kava ya tapeti, roka 12 zimejipanga hapo. Nikachungulia. Kavu kidogo, gari limelala siku nne. Nikasema mnaona!

Akasema subiri, tunaizungusha kwa stata bila kuiwasha, oili ikipanda tutaiona. Yeye akashika stata, utingo wangu akawekwa pale kwenye pampu ya dizeli, akaambiwa shika huu mkono wa kuzimia, uvute hivi, usiuachie. Mkumbuke neno hilo, kuachia.

Stata ikazunguka, nyeu-nyeu-nyeu. Roka zinapanda zinashuka. Hamna kitu. Mimi sasa nimepanda juu ya tairi, nimeinamia injini, simu mkononi narekodi ushahidi, nawageukia wateja nawaambia "kavu hii, kavu kama Dodoma mwezi wa tisa," watu wanacheka, najisikia wakili. Nyuma yangu, utingo ananiambia baadaye, roka ya kwanza ilishaanza kutoa povu. Kapovu kadogo tu. Halafu ya pili. Zinafuatana kwenye foleni kabisa kama watu wanapokea mgao, na mimi bado nahutubia.

Nikageuka. Tone moja likaruka likatua kwenye mkono wa kanzu. Dogo, jeusi, kama kunguni. Nikalitazama. Nikawaza bado linafichika, nikikunja mkono halionekani. Na hapo ndipo nilipopiga kelele, kwa akili zangu timamu, nikimaanisha mzee aache stata:

"Acha! Acha!"

Utingo akaacha.

Akaachia mkono wote, kijana mtiifu yule. Injini ikawaka VUUUM. Nikapunga mikono zima, zima, na yeye kwa kupaniki akarudi kuushika mkono, ila kwenye ile pampu mikono iko miwili, mmoja wa kuzimia na mmoja wa moto, yaani wa kuongeza mafuta, nadhani mmeshajua kavuta upi. Roka 12 zikaanza kunitemea. Nilikuwa naona kabisa michirizi inavyokuja, mmoja kifuani, mmoja shingoni, mmoja umepita juu ya simu ukaingia mdomoni kwa sababu mdomo ulikuwa wazi unasema "zi". Ma sikuimaliza. Oili ya dizeli iliyotumika ina ladha ya masizi na sarafu, msijaribu. Kofia ikaanguka juu ya roka, ikapigwa pale kama ngoma, ikarushwa.

Mzee alizima mwenyewe, taratibu. Gereji kimya. Akanisogelea, akapitisha kidole kwenye shavu langu, akakitazama kwenye jua.

"Inapanda," akasema.

Hayo mengine ni haraka tu. Kelele ilikuwa tapeti, nati mbili za kufungia zililegea, gepu la roka na valvu likapanuka, akachomeka fila, kile kibati cha kupimia gepu, ya milimita 0.40 akaset, ta-ta-ta ikaisha. Na akanikumbusha mbele za watu wale wale kwamba aliniambia nirudi wiki moja baada ya kufunga hedi aikaze tena na kukagua tapeti. Sikurudi. Nikaomba radhi, nikaazimwa shati la mtu aliyenizidi saizi tatu, nikachelewa ukweni saa nzima, na kanzu mke wangu hajaongea nayo wala nami mpaka leo.

Ila barua. Leso ilikuwa imelowa yote, bahasha imelowa, karatasi imekuwa kama kioo. Babu wa binti akaipokea, hakuifungua, akaiinua tu kwenye mwanga wa dirisha akaisoma yote ikiwa ndani ya bahasha, mpaka sahihi. Akamaliza, akajifuta vidole, akanigeukia.

"Mshenga, posa tumeipokea. Ila barua hii mliandika au mlikaanga?"